Paka Hana Kesi ya Kujibu

Nianze kwa kukiri, nisije nikaonekana mtakatifu mbele za watu. Jumamosi tatu mfululizo nimesimama mbele ya muuza ndege mmoja pembezoni mwa Kariakoo, mkono mfukoni, nikipapasa hela ya kodi ya chumba kana kwamba ni ya kuchezea. Ndani ya tundu lake la nyaya kuna kasuku wadogo, mgongo wa kijani, shingo rangi ya chungwa bivu, mdomo mwekundu kama kucha iliyopakwa rangi. Wamebanana wawili wawili kwenye kijiti kimoja, wananong'onezana. Ukiwaangalia dakika tano unasahau jua, unasahau honi za daladala, unasahau hata kama una njaa. Na muuzaji anaijua kazi yake. Haniiti "bosi", haniiti "mteja". Ananiita "msanii". "Msanii, chukua jozi moja, chumba kitachangamka." Nani alimwambia kama mimi naandika? Labda ni viatu.

Jamani, nimetamani. Wahenga walisema macho hayana pazia, na yangu hayana hata kamba ya kutundikia pazia. Lakini nyumbani nina paka.

Paka mwenyewe anaitwa Shombo. Alikuja mlangoni kwangu msimu wa mvua, mwembamba kama waraka wa deni, ananuka samaki kuliko samaki wenyewe. Nikampa vichwa vya dagaa, akala, akalala juu ya daftari langu la mashairi, na tangu siku hiyo chumba ni chetu wote wawili. Chumba kimoja cha kupanga, kitanda, meza, ndoo mbili za maji, dirisha moja. Panya wa darini walikuwa wanacheza ndondo usiku kucha. Siku hizi kimya. Kwa hiyo swali langu ni dogo na halihitaji profesa: mtu anayeishi na paka, tena kwa hisani ya paka, anatafuta nini kwa muuza ndege?

Suala hili nililipeleka kijiweni kwetu, pale tunapokutana Jumapili kusomeana maandishi. Nilitegemea watanicheka. Hawakunicheka. Wakanipa ushauri, na huo ushauri ndio ulioniudhi mpaka nikashika kalamu. Wa kwanza akasema: "Nunua tu mshikaji, ukiwalea pamoja watazoeana." Wa pili akasema: "Tafuta tundu imara, kazi kwisha." Wa tatu, ambaye ndiye mshairi wetu mkubwa, akatoa simu akanionyesha video ya paka kalala usingizi na kasuku kapanda juu ya kichwa chake, anamchokonoa sikio. Akaniambia kwa sauti ya upole, ile anayoitumia akisoma mashairi yake: "Unaona? Upendo unashinda yote."

Makala haya ni jibu langu kwa hao watatu. Ni jibu pia kwa huyo mtu wa nne ambaye yumo ndani yangu, aliyekuwa anaitikia kwa kichwa wakati wote wanasema.

Tuanze na huyu wa upendo, maana ndiye hatari kuliko wote. Video yake ina sekunde thelathini. Siku moja ina sekunde 86,400. Mimi nataka nionyeshwe hizo zilizobaki. Nataka niione ile sekunde ambayo ndege alipapatika ghafla kwa sababu mlango umegongwa na upepo, na jicho la paka likafunguka. Hiyo hakuna anayeirekodi. Na akiirekodi hairushi.

Wenzangu, tunamzungumzia paka kama vile tulimwokota jana. Paka huyu wa majumbani chimbuko lake ni paka pori wa Afrika, kizazi cha pande za Mashariki ya Kati, na urafiki wake na binadamu una kiasi cha miaka 10,000. Ulianza watu walipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani. Nafaka ikaleta panya, panya wakaleta paka. Katika kisiwa cha Kupro wachimbaji wa mambo ya kale walilikuta kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita, mtu kazikwa na paka kando yake, habari hiyo ilitangazwa mwaka 2004 na dunia nzima ikasema "oh, jinsi walivyopendana." Sawa, walipendana. Lakini paka hakuitwa ghalani kwa ajili ya macho yake mazuri. Aliajiriwa. Na kazi aliyoajiriwa ni kuua vitu vidogo vyenye kukimbia na kurukaruka. Miaka elfu kumi tumemlipa mshahara kwa kazi hiyo hiyo, tukamsifu, tukampa mahali pa kulala. Leo unamletea kitu kidogo chenye kurukaruka, tena chenye kuimba, unakitundika mbele ya pua yake, halafu unamwambia: "Huyu ni ndugu yako." Kama ni mwanadamu angekupeleka mahakama ya kazi.

Wengine watasema: mshibishe, hatawinda. Huo nao ni umbumbumbu. Ndani ya kichwa cha paka njaa ni jambo moja na windo ni jambo jingine. Shombo akishakula mpaka tumbo likawa kama ngoma, bado akiona mende anakwenda chini, masikio mbele, makalio yanatikisika. Halafu hamli. Anamgeuza, anampiga kibao, anamwacha katikati ya chumba nimkanyage mimi. Kule Marekani, ambako paka wengi wanakula vizuri kuliko sisi, watafiti walitoa hesabu yao mwaka 2013: paka wanaua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kwa mwaka. Ni kweli kwamba wengi wa wauaji hao ni paka wasio na mwenyewe. Lakini hata wale wa kulala kwenye makochi wamo kwenye hesabu.

Na wala tusimlaumu kwa kupenda nyama, eti abadilike. Mwili wake hauna njia hiyo. Kuna kitu kinaitwa taurini, kinapatikana kwenye nyama na samaki. Mimi na wewe miili yetu inaweza kukitengeneza, yake inashindwa kukitengeneza cha kutosha. Paka akikosa taurini kwa muda mrefu anapofuka na moyo unaharibika. Kwa hiyo unapomhubiria paka habari za upendo na amani, unamhubiria mtu ambaye dini yake imeandikwa kwenye meno. Paka hakubali kulala chali, walisema wazee, na hawakumaanisha mgongo tu.

Sasa huyu wa tundu imara. Huyu angalau ana akili ya fundi. Lakini naye kalisahau jambo moja: tundu linamzuia paka asiingie, halimzuii ndege asimwone. Hebu kaa kidogo uwe wewe ndiye ndege. Una uzito wa karatasi chache. Moyo wako unapiga mara mia kadhaa kwa dakika hata ukiwa umetulia. Macho yako yako pembeni mwa kichwa ili uone adui kutoka kila upande. Mababu zako wote waliobaki hai walibaki kwa sababu moja tu: walipoona umbo lile, na macho yale ya mbele, waliruka. Sasa umbo lile limekaa chini yako, mita moja na nusu, halibanduki. Linakutazama asubuhi, linakutazama mchana, na usiku unayaona macho yanawaka. Na wewe huna pa kurukia. Ndege wa namna hiyo huacha kula, wengine hujinyonyoa manyoya wenyewe mpaka kifua kinabaki kitupu. Halafu mwenye nyumba anakuja na wageni anasema: "Siku hizi haimbi, sijui kwa nini."

Mbali na hofu kuna kucha. Paka hahitaji kuingia tunduni. Anahitaji nafasi ya kidole. Na ndege akikwaruzwa tu, hata kama damu yenyewe huioni, hatari haijaisha, kwa sababu mdomoni mwa paka mna vijidudu ambavyo paka vinamwacha salama na ndege vinamuua. Wanaotibu ndege wanajua: ndege aliyeguswa na meno ya paka hupelekwa kwa daktari saa ile ile, maana akiachwa bila dawa, mara nyingi siku mbili ni nyingi. Wewe kijana wa chumba kimoja, daktari wa ndege utamtoa wapi saa mbili usiku?

Atakayesema "weka vyumba tofauti" namjibu hivi: hongera kwa vyumba vyako. Najua wapo wenye nyumba ya milango mingi, mtu mzima nyumbani mchana kutwa, wanafunga hapa wanafungua pale, na ndege wao kazeeka. Sibishi. Lakini wasomaji wa gazeti hili tunafahamiana. Wengi wetu sebule ndiyo jiko, jiko ndilo chumba cha kulala, na mlango ukifungwa tunakosa hewa sote.

Hapo ndipo linapokuja wazo la mwisho, lile ambalo halisemwi kijiweni lakini linazunguka kichwani: basi paka naye afungiwe, au aondoke. Hili ndilo linalonifanya nisilale. Tulipokuwa wadogo chuoni tulifundishwa kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutia mwenyewe. Na wazee wa pwani wakaongeza neno lao fupi: paka wa nyumba haingwa. Hafukuzwi. Ni mwenyeji.

Neno hilo nililisikia kwa mara ya kwanza likisemwa kwa uchungu, na hapa lazima nisimulie jambo ambalo sijawahi kulisimulia kijiweni.

Mwaka 2009, Tanga, nilikuwa na miaka kumi. Nyumbani kwa Bibi kulikuwa na paka jike mzee, kijivu, jina lake Mamvi. Alikuwa mkubwa kuliko mdogo wangu kwa umri, na Bibi alizungumza naye kuliko alivyozungumza na sisi. Siku moja mdogo wangu akaja na chiriku ndani ya tundu la vijiti, kalibadilisha kwa gololi zake zote na mtoto wa mtaa wa pili. Gololi zote, msomaji, pamoja na ile kubwa ya maziwa. Utajiri wake wa dunia aliutoa kwa ndege.

Bibi akatazama tundu, akamtazama Mamvi, akasema: "Mrudisheni alikotoka." Mdogo wangu akalia. Mimi, kaka mkubwa, mwenye akili, nikasema: "Bibi, nitalitundika juu. Hafiki." Nikachukua msumari na jiwe, nikapigilia ukutani. Ukuta ule ulikuwa wa udongo na chokaa, mahali pagumu palikuwa pamoja tu: juu ya kabati la vyombo. Nilipomaliza nikashuka, nikatazama kutoka kabatini mpaka kwenye tundu. Nikaona. Nasema niliona. Mtoto wa miaka kumi anajua paka anaruka kiasi gani. Lakini mdogo wangu alikuwa anacheka, ndege kaanza kulia, na mimi nilikuwa fundi. Nikajiambia: labda.

Siku tisa. Siku zote hizo Mamvi hakupanda kabati hata mara moja. Alikaa uani, kageuka upande mwingine, kama vile hana habari. Tukasema: "Unaona, kazoea." Siku ya tisa tulikuwa shuleni, Bibi kaenda kwenye maziko. Tuliporudi tundu lilikuwa sakafuni, kijiti kimoja kimevunjika. Chiriku alikuwa kando yake, mzima, hakuliwa. Kulikuwa na tone la damu ambalo ungeweza kulifunika kwa punje ya mchele.

Mdogo wangu hakulia kwa sauti. Alikaa chini. Mjomba alipoingia na kumwona katika hali ile akapandwa na hasira, akamkamata Mamvi, akamtia ndani ya gunia, akafunga kamba, akapanda baiskeli. Tuliambiwa baadaye kwamba alimwachia kule wanakouzia samaki. "Atashiba huko," alisema. Alikuwa paka mzee, meno mawili hana, hajawahi kulala nje ya nyumba ile. Hatukumwona tena.

Bibi alirudi magharibi. Akauliza, akaambiwa. Hakugomba. Aliingia ndani, akachukua kibakuli cha Mamvi, akakiosha, akakifunika kifudifudi juu ya jiwe. Siku mbili hakusema na mtu. Siku ya tatu akatuita sote, pamoja na mjomba, akasema: "Paka wa nyumba haingwa. Mmemfukuza mwenyeji kwa ajili ya mgeni mliyemwalika wenyewe." Akaulizia: "Msumari alipiga nani?" Mjomba akasema haijalishi sasa. Na mimi nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo, Bibi kafariki, na gazeti hili ndilo la kwanza kuambiwa: msumari nilipiga mimi, na nilijua.

Ndiyo maana nasema paka hana kesi ya kujibu. Angalieni jinsi kesi hii inavyoendeshwa siku zote. Ndege analipa kwa roho yake. Paka analipa kwa kipigo au kwa gunia. Na yule aliyewakutanisha, mshitakiwa namba moja, yeye anapewa pole! Majirani wanakuja: "Pole sana, kumbe alikuwa mzuri hivyo." Anaandika shairi. Anasambaza picha. Mwezi unaofuata yuko tena kwa muuza ndege.

Na hii si tabia ya watoto wa Tanga peke yao. Ni tabia yetu binadamu wote: tunamleta kiumbe mahali, anafanya alichoumbwa kufanya, tunamhukumu. Kunguru hawa wanaotunyang'anya chapati mkononi hapa Dar hawakuja kwa matembezi. Asili yao ni Bara Hindi. Waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, eti wale takataka. Wakala takataka, wakamaliza wakala mayai na makinda ya ndege wadogo, wakavuka bahari wakafuata mwambao. Mwaka 2024 wenzetu wa Kenya walitangaza mpango wa kuwaua kunguru milioni moja. Aliyewaleta yuko wapi? Kafa zamani, kwa heshima zake.

Au nendeni mbali zaidi. New Zealand kuna kisiwa kidogo kinaitwa Stephens. Mwaka 1894 palikuwa na mnara mpya wa taa ya meli, na pamoja na watu wa mnara wakaingia paka. Kisiwani mlikuwa na kijindege ambacho hakiruki, kinakimbia chini kama panya. Mlinzi msaidizi wa mnara, David Lyall, alivipata vikiwa vimeuawa, akavipeleka kwa wataalamu, na wataalamu wakafurahi: aina mpya! Ndani ya miaka michache aina mpya ikawa imekwisha duniani. Watu wakatunga hadithi kwamba paka mmoja tu, peke yake, aliitokomeza aina nzima ya ndege. Waliochunguza baadaye wakasema paka walikuwa wengi. Lakini ile hadithi ya paka mmoja ndiyo inayopendwa, na ninajua kwa nini. Ni rahisi kumnyooshea kidole paka mmoja kuliko kuuliza ni nani aliyemshusha kwenye boti.

Sasa niwageukie nyinyi wenzangu wa kalamu, maana mlidhani mmepona.

Sisi waandishi chipukizi tuna ugonjwa wa ndege. Katika kila mashairi kumi tunayosomeana, sita yana ndege, na katika hayo sita manne ndege yumo tunduni. Ndege ni uhuru, tundu ni dhuluma, nyaya ni mfumo. Tunapiga makofi. Halafu mshairi huyo huyo, aliyewatoa watu machozi kwa ndege wake wa karatasi, ananiambia ninunue jozi nitundike ukutani! Kulikoni? Kumbe uhuru ni wa kwenye beti tu? Mimi simwelewi mtu anayelilia tundu katika ubeti wa tatu na kulinunua Kariakoo Jumamosi.

Na hao kasuku wadogo mnaowasifu, mnawajua? Wale wenye shingo ya chungwa, ambao kitabuni wanaitwa cherero, ni wenyeji wa nchi hii. Kwao ni kusini mwa Ziwa Viktoria, Serengeti, pande zile. Wanaruka kwa makundi, wanalala kwenye mashimo ya miti. Miaka ya 1980 walikamatwa kwa maelfu kwa maelfu wakapelekwa nje kuuzwa, wakawa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa kwa wingi kabisa duniani, mpaka usafirishaji ukasimamishwa kwa sababu walikuwa wanapungua. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya nao ukapiga marufuku ya kudumu kuingiza ndege waliokamatwa porini. Hapa kwetu Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali. Wapo waliozaliwa tunduni, sikatai, na hao wana hadithi nyingine. Lakini muulize muuzaji wako kibali kiko wapi, uone kama ataendelea kukuita msanii.

Nitaulizwa: sasa kijana mpweke afanye nini? Maana najua tamaa hii inatoka wapi. Haitoki kwenye ubaya. Inatoka kwenye chumba kimya saa moja jioni, umetoka kutafuta kazi, hukupata, unataka kitu kiitikie ukifungua mlango. Nakuelewa kabisa, ndugu yangu. Na mimi ndiko ninakotoka. Ila ninachokataa ni kumlipisha ndege gharama ya upweke wangu, na kumtwika paka dhambi yake. Mtaka yote hukosa yote. Ukishamchagua paka, umechagua. Kuchagua maana yake ni kwamba kuna mlango umeufunga kwa mkono wako, na uungwana ni kutokwenda kuuchungulia kila Jumamosi.

Ukitaka ndege, basi wafuate waliko. Asubuhi na mapema kabla magari hayajaanza kelele, miti ya Mnazi Mmoja ina wenyeji wake. Kaa chini yake na daftari. Hakuna kiingilio. Na nyumbani usianze kumwaga mchele dirishani ati unawaalika ndege, wakati paka yuko nyuma ya pazia. Hilo ni tundu lile lile, limegeuzwa tu.

Jumamosi iliyopita nilipita njia nyingine. Nilizunguka mitaa miwili zaidi, jua kali, ili nisimwone yule muuzaji. Nilipofika nyumbani Shombo alikuwa dirishani. Nje, kwenye mwarobaini wa mwenye nyumba, kulikuwa na chiriku mmoja anapiga kelele zake. Shombo alikuwa anamtazama, mkia unacheza ncha, taya linatetemeka na kutoa ile sauti ya meno wanayoitoa paka wakiona wasichoweza kukifikia. Dirisha lina wavu wa mbu. Nikasimama nyuma yake tukatazama wote wawili, kila mmoja na tamaa yake, na chiriku akaimba mpaka alipochoka mwenyewe akaondoka.

Mdogo wangu sasa yuko Tanga, ni mtu mzima, ana mtoto. Nimemtumia nakala ya makala haya kabla sijaileta kwa wahariri. Amejibu neno moja tu: "Nilijua." Basi miaka yote hiyo alijua, na yeye pia alininyamazia.

Anayebisha aandike, kurasa zipo. Ila tafadhali, asije na video.